Mwongozo kamili: kulisha nyumba wiki mbili wakati wa janga bila kurudi dukani

Kila ugonjwa unapotanda na watu kuambiwa wapunguze kutoka, malalamiko ni yale yale. Mtu anarudi kutoka dukani na mifuko imejaa. Siku ya nne mboga zimenyauka, siku ya sita mafuta yamekwisha, na kabla wiki mbili hazijafika yuko tena kwenye foleni, ilhali kabatini kuna unga wa kutosha mwezi mzima. Anaamini alinunua kidogo, kwa hiyo safari inayofuata anaongeza unga.

Tatizo liko kwenye hesabu. Kabla ya janga, watu wa nyumba hiyo walikula sehemu ya chakula chao kazini, shuleni na njiani. Sasa wote wamerudi kula nyumbani, lakini orodha ya ununuzi ni ile ile ya zamani.

Hatua zifuatazo zinahusu magonjwa yanayoenezwa kwa hewa na ukaribu wa watu, kama UVIKO-19. Ikiwa ugonjwa unaenezwa kwa maji au chakula, kama kipindupindu, masharti ya maji na usafi ni makali zaidi, na maelekezo ya wizara ya afya ndiyo ya kutangulizwa.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari moja la jikoni na kalamu yake. Lisitoke jikoni.
- Mizani ndogo. Kama huna, chagua kikombe kimoja na ukitumie hicho hicho kila siku.
- Vyombo vikavu vyenye mifuniko inayobana.
- Utepe wa karatasi na kalamu ya wino usiofutika, kwa ajili ya kuandika tarehe.
- Kipimajoto cha friji, ikiwa una friji.
- Sabuni, maji yanayotiririka na barakoa.
- Fedha za chakula za wiki mbili, zikiwa zimetengwa kando na matumizi mengine.

Kipimajoto ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote. Ile namba kwenye kitufe cha kurekebishia baridi ya friji haikuambii nyuzijoto. Inakuambia tu umezungusha kitufe hadi wapi.

## Hatua ya 1: Hesabu milo, usihesabu bidhaa

Chukua familia ya watu watano: wazazi wawili wanaofanya kazi nje na watoto watatu wanaosoma. Milo mitatu kwa siku kwa watu watano ni milo 105 kwa wiki. Zamani, siku tano za wiki, wote watano walikula chakula cha mchana nje. Hiyo ni milo 25, kwa hiyo jiko la nyumbani lilipika milo 80.

Sasa jiko hilo linapika yote 105. Kwa wiki mbili, milo imepanda kutoka 160 hadi 210. Ni ongezeko la karibu theluthi moja, na hakuna mgeni hata mmoja aliyeingia.

Andika jina la kila mtu na milo yake kwa siku. Andika pia mtoto anayenyonya, mzee asiyeweza kutafuna vitu vigumu, mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu. Hawa hawawezi kula chochote kitakachopatikana, kwa hiyo chakula chao kinaingia kwenye orodha kabla ya vingine.

Ukimaliza hatua hii unapaswa kuwa na namba moja: jumla ya milo ya siku 14. Kama hujaipata, usiende hatua ya pili.

## Hatua ya 2: Kagua kilichopo

Toa kila kitu kabatini na uweke mezani. Usisome lebo kitu kikiwa rafuni. Vya nyuma hutaviona.

Panga makundi matatu: cha kuliwa wiki hii, cha kukaa, na cha kutupa. Kopo lililovimba, linalovuja au lililobonyea kwenye maungio lisifunguliwe wala kuonjwa. Linaweza kuwa na sumu ya botulini, ambayo mara nyingi haina harufu wala ladha. Nafaka, karanga au unga wenye ukungu au harufu ya uvundo pia vitupwe. Sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, haiondoki kwa kupika, na kuchambua punje zilizobadilika rangi hakuhakikishii kwamba zilizobaki ni salama.

Kuhusu tarehe, kuna aina mbili. Ile ya "tumia kabla ya" inahusu usalama na huwekwa kwenye vitu kama nyama na maziwa mabichi, ikipita, acha. Ile ya "bora kabla ya" inahusu ubora. Tambi zilizopitisha tarehe hiyo kwa wiki tatu, pakiti ikiwa nzima na kavu, bado ni chakula.

## Hatua ya 3: Geuza milo kuwa kilo

Mashirika ya misaada ya dharura hupanga chakula kwa wastani wa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Wastani huo unajumuisha watoto wanaokula kidogo na vijana wanaokula kama hawatashiba. Kwa nyumba ya kawaida, makadirio haya ya mtu mmoja kwa siku yanafaa kuanzia:

- Nafaka kavu au unga: gramu 400
- Kunde, maharage au dengu: gramu 60
- Mafuta: gramu 25
- Mboga na matunda: gramu 400
- Chumvi: isizidi gramu 5, ikijumuisha iliyomo kwenye vyakula vya kiwandani

Kiasi cha mboga na cha chumvi ndicho kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kinachobaki kufikia kilokalori 2,100 hutoka kwenye mayai, maziwa, samaki, nyama au karanga, kadiri ya uwezo.

Kwa watu wetu watano, siku 14, hesabu inatoka hivi: nafaka kilo 28, kunde kilo 4.2, mafuta kilo 1.75 (karibu lita mbili), mboga na matunda kilo 28, chumvi gramu 350.

Tazama namba mbili za 28. Mboga na matunda ni uzito ule ule wa nafaka. Sasa kumbuka mikokoteni ya watu dukani siku ya hofu: magunia ya unga, mchele, tambi, na kifungu kimoja cha mboga juu. Ndiyo maana nyumba inakuwa na chakula na bado haina mlo.

Kama nyumba yako hula viazi badala ya nafaka, kilo moja ya nafaka kavu inalingana na kilo nne hadi tano za viazi, kwa sababu kiazi kina maji mengi. Usibadilishe kilo kwa kilo.

Onyo: makadirio haya si dawa. Mjamzito, anayenyonyesha na anayefanya kazi nzito wanahitaji zaidi.

## Hatua ya 4: Andika orodha yenye safu mbili

Safu ya kwanza: unachotaka. Safu ya pili: utakachochukua ukikikosa. Mchele, au ngano nzima. Mayai, au dengu za ziada. Mboga mbichi, au za barafu.

Safu ya pili ndiyo inayookoa fedha. Mtu anayesimama mbele ya rafu tupu bila mpango ananunua kilichobaki, na mara nyingi kimebaki kwa sababu hakuna anayekila.

Mboga na matunda yagawe mafungu matatu kwa kadiri yanavyodumu:

- Siku 1 hadi 4: mboga za majani, matunda laini, nyanya zilizoiva.
- Siku 5 hadi 9: karoti, pilipili hoho, nyanya ulizonunua zikiwa bado ngumu.
- Siku 10 hadi 14: kabichi, maboga, viazi, vitunguu, machungwa, na mboga zilizokaushwa, za kopo au za barafu.

Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini hawakuwa wakizungumzia nyanya. Ukinunua fungu la kwanza peke yake kwa wiki mbili, utakula vizuri siku nne na kutupa siku kumi.

Bei zikipanda, anza kukata vinywaji vyenye sukari, biskuti na vitafunwa vya pakiti. Kunde, mafuta na mboga viguswe mwisho.

## Hatua ya 5: Nenda dukani mara moja, kwa haraka

Aende mtu mmoja, mwenye afya na asiye na dalili. Avae barakoa, akae angalau mita moja mbali na wengine, na aende saa ambazo watu ni wachache. Mzee au mwenye maradhi sugu abaki nyumbani hata kama ndiye mnunuzi hodari wa nyumba hiyo.

Anza na vitu vikavu, kisha mboga na matunda, mwisho vya baridi. Sababu ni rahisi: nyama inayozunguka dukani saa nzima huanza safari ya nyumbani ikiwa tayari imepata joto.

Ukikuta rafu tupu, usidhani chakula kimekwisha. Mwaka 2020 unga wa ngano na hamira vilipotea madukani katika nchi nyingi. Unga ulikuwapo, ila viwanda vilikuwa vimezoea kujaza magunia makubwa ya waoka mikate na hoteli, na vifungashio vidogo vya nyumbani havikutosha ghafla. Kwa hiyo uliza kama kuna gunia kubwa, kisha ligawanye na jirani. Rafu ikiwa tupu Jumatatu, huenda ikajaa Alhamisi.

Usinunue zaidi ya wiki mbili. Ukichukua ya miezi mitatu, fedha yako imelala kabatini na anayenunua kwa kipato cha siku kwa siku anakuta rafu tupu. Dawa za kila siku pekee ndizo ninazoona zinastahili akiba ndefu kidogo, daktari akiridhia.

Ukiagiza uletewe, piga hesabu ya ada ya kuletewa, na mwambie muuzaji mapema ni vitu gani hutaki vibadilishwe. Kagua mboga na tarehe kabla mletaji hajaondoka.

## Hatua ya 6: Ukifika nyumbani, osha mikono, usioshe mboga kwa sabuni

Hapa ndipo hofu imewaumiza watu. Mapema mwaka 2020 majaribio ya maabara yaligundua virusi vya korona kwenye plastiki hadi saa 72 na kwenye kadibodi hadi saa 24. Habari hiyo ilisambaa, na watu wakaanza kulowesha matunda kwenye klorini ya kufulia. Uchunguzi uliofanywa Mei 2020 na taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ulikuta asilimia 39 ya watu wazima waliohojiwa wametumia njia hatari za kujikinga; asilimia 19 waliosha vyakula kwa klorini.

Baadaye ilibainika kwamba hatari ya kuambukizwa kwa kugusa vifungashio ni ndogo sana, na hakuna ushahidi kwamba UVIKO-19 huambukizwa kwa kula chakula. Lakini klorini tumboni ni sumu leo hii, si kwa makadirio.

Fanya hivi badala yake:

1. Weka mifuko chini, osha mikono kwa sabuni na maji kwa sekunde 20.
2. Panga vitu mahali pake. Tupa vifungashio vya nje visivyohitajika.
3. Futa meza, kisha osha mikono tena.
4. Matunda na mboga yaoshe kwa maji safi yanayotiririka pale tu unapotaka kuyatumia. Yenye ganda gumu yasugue kwa brashi. Ukiyaosha yote mara moja na kuyahifadhi yakiwa na maji, yataoza mapema.

Onyo: usichanganye klorini na siki wala na dawa nyingine ya usafi. Mvuke wake unaumiza mapafu. Kitakasa mikono chenye alkoholi kiwekwe mbali na jiko linalowaka.

## Hatua ya 7: Hifadhi kila kitu mahali pake

Friji iwe nyuzi 4 au chini yake, friza iwe 18 chini ya sifuri. Weka kipimajoto katikati ya friji usiku kucha na usome asubuhi kabla mtu hajafungua mlango. Friji iliyosongamanishwa haipozi, kwa sababu hewa haizunguki.

Nyama mbichi ikae rafu ya chini kabisa, ndani ya chombo, isije ikadondokea chakula kilichopikwa. Igawe kwa kiasi cha mlo mmoja kabla ya kuigandisha. Bonge la kilo tatu litakulazimisha uyeyushe lote ili upike robo.

Viazi vikae gizani penye hewa, mbali na vitunguu, kwani vikikaa pamoja huharibika upesi. Kiazi kilichogeuka kijani sehemu kubwa kitupwe. Mboga za majani zifunge kwa kitambaa kikavu ndani ya mfuko usiobana: kitambaa kinanyonya unyevu unaoozesha. Ndizi, nyanya na tufaha zilizoiva zitenge na majani, kwa sababu hutoa gesi inayoharakisha kuiva na kunyauka kwa vilivyo jirani.

Nafaka na unga viingie kwenye vyombo vyenye mifuniko, vikiwa vimebandikwa utepe wenye tarehe. Kipya nyuma, cha zamani mbele.

Umeme ukikatika, usifungue milango. Friji iliyofungwa hushikilia baridi saa 4 hivi. Friza iliyojaa saa 48, iliyojaa nusu saa 24.

Utajua umefaulu siku ya tatu: fungua friji na uone kama unaweza kutaja kila kilichomo bila kusogeza kitu.

## Hatua ya 8: Pika kwa kufuata kinachooza kwanza

Usijiulize asubuhi "leo tunataka kula nini". Jiulize ni kipi hakitafika kesho kutwa. Fungu la kwanza la mboga likiisha ndipo uguse la pili.

Mboga za majani zilizozidi zichemshe dakika mbili, zitumbukize kwenye maji baridi sana, zikamue, kisha zigandishe kwa mafungu ya mlo mmoja. Asiye na friza azikaushe kivulini penye hewa.

Wengi hupika kunde na maharage zaidi wakati huu, na ni jambo jema. Maharage mekundu yana sharti lake. Yaloweke angalau saa 5, mwaga maji hayo, weka maji mapya, na yachemke kwa nguvu angalau dakika 10. Nusu saa ni salama zaidi. Yakipikwa kwa moto hafifu tu, hata kwa saa nyingi, sumu yake ya asili haivunjiki, na maharage machache yasiyoiva yanatosha kukutapisha. Hospitali zikiwa zimejaa, hilo si jambo la kujaribu.

Kilichobaki kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Kigawe kwenye vyombo vifupi ili kipoe haraka, kiingize kwenye friji, na kiliwe ndani ya siku tatu hadi nne. Wali unahitaji uangalifu zaidi: kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kupikwa na hutoa sumu wali ukiachwa na uvuguvugu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto.

## Hatua ya 9: Rudisha saa za kula

Watu wanaoshinda nyumbani hudonoadonoa. Mtoto anafungua kabati kwa sababu amechoka kukaa, mtu mzima kwa sababu ametoka kusikiliza taarifa ya habari. Chakula cha wiki mbili kinaisha siku ya tisa, na hakuna anayekumbuka alikula nini.

Tangaza saa tatu za milo na saa moja ya kitafunwa. Kila asubuhi toa vitafunwa vya siku nzima, viweke kwenye bakuli moja mahali panapoonekana. Bakuli likiwa tupu, basi mpaka kesho. Watoto huelewa haraka kuliko wazazi, ambao hujipa ruhusa maalumu usiku.

Maji yakae karibu kuliko vinywaji vyenye sukari. Na kama kazi imeletwa nyumbani, usile mbele ya kompyuta. Anayekula huku akiandika barua hajui ameshiba.

## Hatua ya 10: Akiugua mtu ndani

Ale chumbani kwake, vyombo vyake vioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Anayempelekea chakula avae barakoa. Chagua vyakula laini na vya majimaji, kidogo kidogo mara nyingi.

UVIKO-19 huweza kumwondolea mtu uwezo wa kunusa na kuonja. Mtu huyo hatagundua maziwa yaliyoharibika, wala chakula kinachoungua, wala gesi inayovuja. Asiachwe apike peke yake, na chakula chake kikaguliwe kwa tarehe na kwa mtu mwingine anayeweza kunusa. Pia ataomba chumvi na sukari zaidi kwa kutafuta ladha. Mpe limau, viungo na, akiweza, vitu vya kutafuna, usiongeze chumvi.

Mama mwenye UVIKO-19 aendelee kunyonyesha, akiosha mikono na kuvaa barakoa. Ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Kwa anayetumia maziwa ya unga ya watoto, asiyazimue ili yadumu zaidi. Mtoto atashiba maji na kukosa virutubisho. Yakikosekana, uliza kituo cha afya.

## Hatua ya 11: Jaza tena, kisha punguza

Siku ya 12, kagua kabati kwa daftari. Andika kilichoisha mapema, kilichobaki na kilichotupwa. Rekebisha kilo za duru inayofuata kwa namba hizo, kwa sababu sasa una takwimu za nyumba yako na huhitaji tena makadirio yangu.

Masharti yakilegezwa, usinunue kitu kikavu kipya mpaka cha zamani kiishe. Pakiti nzima usizozihitaji zigawe zikiwa bado na miezi mbele yake, si wiki moja kabla ya tarehe. Unga ambao hujaamua la kuufanya uweke kwenye friza siku nne. Mayai ya wadudu yatakufa, kisha uurudishe kabatini kwenye chombo kikavu ukiwa umeshapata joto la chumba, la sivyo utalowa.